Sista Chemutai Alisema Amina

Wiki jana tulimwacha Sista Chemutai kwenye kizimba cha mashahidi, mahakamani Nakuru, swali la Wanyoike, wakili wa utetezi, likiwa limemsimamia usoni:

"Dua ilipokwisha, Sista, wewe ulisema amina?"

Watu waliokuwa wakipiga miayo walinyoosha migongo. Karani aliinua kalamu. Hata hakimu aliacha kuandika.

Chemutai alimtazama kiongozi wa mashtaka, Natalie, msichana wa rika lake mwenye sauti kali na viatu vinavyombana. Natalie alitikisa kichwa kidogo sana. Maana yake ilikuwa wazi: sema hukumbuki.

Lingekuwa jambo rahisi. Mashahidi husahau kila siku na hakuna anayewafunga kwa hilo.

"Nilisema," alijibu.

"Sauti, tafadhali. Mahakama haisikii."

"Nilisema amina."

Kicheko kilipita kwenye mabenchi ya nyuma walikoketi watu wa mshtakiwa, mzee Nicodemus. "Huyo sasa ni shahidi wetu!" mtu alinong'ona kwa nguvu. Askari wa mahakama aliwakemea, lakini naye alikuwa akitabasamu.

Msomaji uliyejiunga nasi leo, usihangaike. Milcah ni mjane wa mfanyakazi wa reli. Alikabwa shingo kwa nyuma alipokuwa akikamua ng'ombe nyumbani kwake Rongai. Hakumwona aliyemkaba. Alichofanya ni kumparura mikono kwa kucha, kisha giza likamfunika. Aliletwa hospitalini Nakuru akiwa na pumzi tu, sauti hana.

Chemutai ndiye aliyempokea. Yeye ni muuguzi wa ushahidi. Humhudumia aliyeumizwa kama muuguzi yeyote, lakini pia huokota kutoka mwilini mwake kile alichoacha aliyemuumiza, kabla ya maji na sabuni na huruma za watu kukiondoa. Ni kazi mpya. Aliisomea Nairobi, na hospitali nzima ni yeye peke yake aliye nayo. Chumba alichopewa kilikuwa stoo ya mashuka. Polisi humwona ni nesi, na manesi humwona ni polisi. Wodini wanamwita Karao.

Siku hiyo aliyompokea, Jumapili, alikwenda kwenye hicho chumba chake kuchukua bahasha na vijiti vya pamba, ili akwangue kucha za Milcah. Aliporudi alikuta watu wa kanisa wamezunguka kitanda, na Nicodemus, shemeji ya mgonjwa, amemshika mikono yote miwili. Macho yamefungwa. Dua inaendelea.

Baadaye maabara ya serikali ilisema kwamba chembe zilizotoka chini ya kucha zile zilikuwa za Nicodemus. Akakamatwa. Sasa kesi yote ilikuwa imeegemea kucha hizo, na wakili Wanyoike alikuwa amezishika koo.

"Ulikuwa na mdomo siku hiyo, Sista?"

"Nilikuwa nao."

"Ungesema, jamani, mwachilieni mgonjwa mikono."

"Ningesema."

"Badala yake ukafanya nini?"

"Nilifumba macho."

Nani angemlaumu? Chemutai alilelewa Njoro, katika nyumba ambayo hata maziwa yakianza kufurika jikoni, yaliachwa yafurike mpaka mzee aseme amina. Katika hospitali zetu hakuna nesi anayekatiza dua ya mgonjwa. Daktari mwenyewe husimama mlangoni na faili zake, akangoja.

"Dua ilikuwa ndefu?" aliuliza Wanyoike.

"Ndefu."

"Ndefu kiasi gani?"

Chemutai alifikiri. "Nilichungulia. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliamka, akamenya ndizi, akala, akalala tena."

Mahakama nzima ilicheka. Hakimu aliificha midomo yake nyuma ya kalamu. Chemutai hakuwa amekusudia mzaha, na mashavu yalimwaka moto.

"Muda wote huo," Wanyoike aliendelea, sauti yake sasa tamu, "mteja wangu anavipapasa vidole vya shemeji yake. Machozi yanamdondoka juu ya vidole hivyo. Halafu wewe unakuja na kijiti chako, unakuta chembe zake. Zingekosaje kuwepo?"

"Siwezi kujua zilifika lini," alisema Chemutai. "Zinaweza kuwa za asubuhi aliyokabwa. Zinaweza kuwa za dua."

Natalie aliinamisha paji la uso kwenye kiganja.

"Ahsante kwa ukweli wako, Sista. Wengi hawana." Wanyoike aligeuka kuketi, lakini mtu aliyeshinda hupenda kuongeza kijiko kimoja cha sukari. "Nisaidie tu kwa udadisi. Ilikuwa dua nzuri?"

"Sijui. Mzee alituomba radhi, akasema anaomba kwa lugha ya mama ili moyo utoke wote. Aliomba Kibukusu. Mimi ni Mkalenjin. Sikuelewa hata neno moja."

"Na bado ukaitikia?"

"Wote tuliitikia."

Wanyoike akaketi akitabasamu. Kicheko kilirudi, safari hii kikubwa zaidi.

Lakini si wote waliocheka. Kwenye benchi la mbele, mama Milcah, ambaye tangu kesi ianze alikuwa akitazama sakafu, aliinua kichwa taratibu, akamkazia Chemutai macho.

Na kando yake kulikuwa na mwingine ambaye hakucheka, ingawa Chemutai hakuliona hilo wakati ule. Huyo tutamfikia.

"Tunapumzika kwa chai," alisema hakimu. "Tukirudi, upande wa mashtaka mniambie: mna shahidi mwingine, au mnafunga kesi?"

*

Natalie alimfuata hadi kwenye korido.

"Umeniua, Sista."

"Niliapa, wakili."

"Wote huapa! Mimi nilikuomba jambo moja tu. Neno moja: sikumbuki."

"Lakini nakumbuka."

Natalie aliegemea ukuta, akavua kiatu kimoja na kukanyaga saruji baridi. Hasira ilimtoka, ikabaki huzuni.

"Nikifunga kesi hivi ilivyo, mzee Nicodemus atatoka hapa akiwa mtu huru. Anarudi Rongai. Nyumba yake na ya yule mama zinatazamana, mlango kwa mlango. Unafikiri mama atarudi huko?"

Hakungoja jibu. Alivaa kiatu, akaondoka akichechemea.

Chemutai alijua jibu. Tangu atoke hospitalini, Milcah aliishi Mai Mahiu, katika chumba nyuma ya kioski cha mpwa wake, malori yakitikisa mabati usiku na mchana. Kila alipoulizwa na polisi anataka nini, alisema kitu kimoja: kurudi nyumbani kwake. Hakutaka fidia, wala hakujali mtu afungwe miaka mingapi. Alitaka kulala katika nyumba aliyojengewa na mume wake, na kaburi la huyo mume likiwa pale chini ya dirisha.

Simu ya Chemutai ilitetemeka. Ulikuwa ujumbe wa metroni: *Nimesikia yaliyotokea. Tukutane kesho. Mashuka bado hayana pa kukaa.*

Alitoka nje, akaketi kwenye ngazi ya saruji karibu na mama wa chai.

"Sista, chai na mandazi? Ama umeshiba maswali?"

"Chai tu, mathe."

"Nakuwekea sukari nyingi. Una uso wa mtu aliyezika."

Watu walipita wakimwangalia. Wa upande wa Nicodemus walimwamkia kwa furaha, mmoja hata akamwambia, "Mungu akubariki, dada," na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Hakuna aliyeketi karibu naye. Mwalimu wao kule Nairobi aliwahi kuwaambia kwamba muuguzi wa ushahidi hana upande. Hakuwaambia kwamba asiye na upande hunywa chai peke yake.

Alitamani kumpigia mtu. Alipitia majina kwenye simu. Wenzake wa darasa walikuwa wametawanyika kaunti za mbali, kila mmoja na kijichumba chake. Mama yake angetaka kujua kama amekula. Zamani angempigia Immaculate.

Immaculate ni nesi wa wodi ileile. Kabla ya Jumapili ile walikuwa wakila chakula cha mchana kutoka kontena moja. Ugali wa Immaculate, maziwa ya Chemutai. Wengine walipoanza kusema Karao, Immaculate aliwajibu, "Karao ni wa kwangu, mwacheni." Kisha ghafla akaanza kula peke yake. Akaomba zamu tofauti. Leo hospitali ilikuwa imemtuma amsindikize Milcah mahakamani, akaketi naye benchi moja, na asubuhi nzima hakumsalimu Chemutai ila kwa kichwa.

Amechoka nami kama wengine, Chemutai alijiambia, akapuliza chai.

"Sogea nikae."

Aligeuka. Mama Milcah alikuwa amesimama nyuma yake, leso begani. Sauti yake tangu akabwe ilibaki kama ufagio kwenye saruji.

"Mama! Keti hapa. Mbona uko peke yako, Immaculate yuko wapi?"

"Anatafuta choo. Ama ananikimbia." Milcah aliketi kwa shida, akamshika Chemutai kidevu kama anavyoshikwa mtoto aliyeiba sukari. "Niangalie. Ni kweli hukusikia?"

"Kusikia nini?"

"Ile dua."

"Nilisikia sauti tu. Maneno sikuyajua."

"Usinidanganye, mtoto. Wodini nilikusikia ukisalimia kwa Kibukusu."

"Mama, Kibukusu mimi najua salamu ya *mulembe* pekee. Na hiyo nilifunzwa na Immaculate."

Milcah alimwachilia kidevu. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Chemutai hakujua kama ni kicheko au kilio mpaka alipoyaona machozi.

"Walinizungumzia kama mtu aliyelala," alisema Milcah. "Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimefumba macho kwa sababu ya maumivu ya shingo. Aliinama hapa, karibu na sikio, akaanza vizuri tu. Baba uliye juu. Tunakushukuru. Halafu bila kubadilisha sauti akasema, Baba, mwambie huyu mwanamke kwamba mkono uliomkaba bado una nguvu. Mwambie alichokiona pale zizini akimeze. Siku akikitema, atamfuata mume wake mchangani."

Chemutai aliondoa kikombe mdomoni. Alikiweka chini.

"Nami sikuwa nimeona mtu!" Milcah alijipiga paja. "Alinikaba kwa nyuma! Ni yeye mwenyewe aliyekuja kuniambia, kwa mdomo wake, kwa uoga wake. Kisha akamaliza kwa jina la Yesu. Na ninyi nyote mkasema amina."

"Mama..."

"Watu wa kanisa, amina. Manesi, amina. Yule wa ndizi pia, amina. Na wewe ulikuwa karibu zaidi. Sauti nyembamba, ya upole. Nikasema moyoni, Milcah, wamekubaliana wote. Umebaki wewe peke yako."

Sasa Chemutai alizielewa siku zile zote. Alimwosha Milcah, akampima alama za shingo, akamlisha uji, na mama yule akageuza uso ukutani. Alidhani ni maumivu. Kumbe alikuwa akilishwa na adui.

"Ulipopanda kizimbani, mbona hukusema?"

"Waliniuliza nilimwona nani. Sikumwona mtu, nikasema sikumwona. Mengine ningemwambia nani? Nyinyi?" Alipangusa pua kwa leso. "Leo ndiyo nimekusikia ukisema hukuelewa. Nikakutazama. Nikaona huyu mtoto hajui kudanganya hata pale uongo ungemsaidia."

Chemutai aliinuka ghafla, chai ikamwagika.

"Njoo, Mama. Twende kwa wakili."

*

Natalie aliwasikiliza akiwa amesimama, andazi mkononi halijaumwa. Walipomaliza, macho yake yaliwaka, kisha yakazimika.

"Haitoshi."

"Haitoshi vipi?" Chemutai alishtuka. "Amekiri! Mbele ya watu!"

"Mbele ya watu wasiojua alichosema. Nikimrudisha mama kizimbani, Wanyoike atasema amesikia ushahidi wako leo, akatunga hadithi wakati wa chai. Na hakimu atakubaliana naye. Nahitaji sikio lingine. Mtu asiye na faida yoyote katika kesi hii." Alimgeukia Chemutai. "Fikiri. Kati ya waliozunguka kitanda, ni nani mwingine anajua Kibukusu?"

"Watu wa kanisa walikuwa Wakikuyu na Wakalenjin wa Rongai. Ndiyo maana hakuogopa. Manesi tulikuwa..."

Aligeuka kumtazama Milcah.

*Mulembe. Na hiyo nilifunzwa na Immaculate.*

Milcah alikuwa akitazama chini, kwenye vidole vyake. "Nilijua anajua," alisema polepole. "Ndiyo maana yeye ndiye nilimwogopa zaidi."

*

Alimkuta Immaculate nyuma ya jengo, karibu na mfereji wa maji, akinawa uso ambao tayari ulikuwa safi.

"Ulisikia," alisema Chemutai.

Immaculate hakuuliza nini. Maji yaliendelea kumwagika.

"Nilisikia."

"Miezi yote hii? Nami nikidhani umenichoka?"

"Ningekulaje na wewe?" Immaculate alifunga mfereji. "Ungenitazama machoni ungeona. Wewe kazi yako ni kuona. Nilisema amina pamoja nanyi, Chemu. Ninyi hamkujua. Mimi nilijua, na mdomo ukaitikia wenyewe. Nikaenda chooni nikatapika."

"Mbona hukuniambia hata mimi?"

"Unajua nilizaliwa wapi? Nyumba za reli, hapa hapa Nakuru. Baba yangu alikufa nikiwa darasa la tatu. Nilipoolewa, nani alikaa kiti cha baba? Nani alipokea ng'ombe wa mahari yangu, akawaambia wale watu, huyu ni damu yangu, mkimgusa mmenigusa? Nicodemus. Mume wangu alipotuacha, nani alilipa kodi? Nicodemus. Watoto wangu wanamwita babu." Alifuta uso kwa mkono wa sare. "Wewe ukisema ukweli unarudi chumbani kwako. Mimi nikiusema, narudi kwa nani?"

Chemutai alitazama maji yakizama mchangani. Alifikiria stoo ile ya mashuka, dirisha lake dogo lililo juu mno kuonyesha chochote. Alitaka kusema, hata hicho chumba si cha kurudi. Alitaka kumshika mkono. Alitaka zaidi ya yote kumwambia: panda pale, Imma, sema, mama yule arudi kwake.

Lakini alijua Wanyoike angeuliza, nani alikushawishi? Na alijua kwamba ushahidi uliosukumwa na mtu huharibika, kama kucha zile zilivyoharibika.

"Siwezi kukuomba kitu," alisema. "Nikikuomba, nimeharibu. Wakili atakuita kizimbani. Utakachosema au usichosema ni chako."

"Hutaki hata kunigombeza?"

"Nataka sana."

Immaculate karibu acheke. Chemutai aligeuka, akarudi peke yake, akihesabu makosa yake yote kichwani, na kila kosa lilikuwa na sauti nyembamba, ya upole.

*

"Upande wa mashtaka?" aliuliza hakimu.

Natalie alisimama. "Tuna shahidi mmoja zaidi, Mheshimiwa. Muuguzi Immaculate."

Wanyoike aliruka kama aliyekalia msumari. "Pingamizi! Mtu huyo amekaa humu ndani asubuhi nzima, amesikia kila kitu!"

"Alikuwa humu kama mlezi wa mgonjwa, Mheshimiwa. Hatukujua ana la kusema mpaka sasa hivi."

"Hata yeye hajui kama ana la kusema!"

Hakimu aliwatazama wote wawili kama mama aliyechoka na watoto. "Pingamizi nimelisikia, wakili, nitalipima uzito baadaye. Aitwe."

Chemutai aliangalia benchi la mbele. Milcah alikuwa ameketi peke yake.

Askari alifungua mlango, akaita koridoni. "Immaculate!"

Alichungulia kulia na kushoto.

"Immaculate!"

Mama wa chai alisikika akimwuliza mtu kama amemwona.

"Immaculate, mara ya mwisho!"

Natalie alifumba macho. Wanyoike alianza kukusanya karatasi zake. Ndani ya kizimba cha washtakiwa, mzee Nicodemus alirekebisha koti lake jeusi, mtu anayejiandaa kwenda nyumbani.

"Niko hapa."

Sauti haikutoka mlangoni. Ilitoka mabenchi ya nyuma. Vichwa vikageuka. Immaculate alikuwa katikati ya watu wa Nicodemus, mama wa kanisa kulia, mama wa kanisa kushoto, na mmoja alikuwa bado amemwekea mkono begani.

Chemutai aliinuka nusu, akaketi tena. Kwa hiyo amechagua.

Immaculate alisimama, akauondoa ule mkono begani kwa upole, akatembea mbele. Alipofika mbele ya kizimba cha Nicodemus, mzee alimtabasamia kama baba anavyomtabasamia binti siku ya harusi. Naye Immaculate akatabasamu pia. Alimpita Chemutai bila kumtazama. Akapanda.

Karani alimpa Biblia. "Utatoa ushahidi kwa lugha gani? Kiingereza ama Kiswahili?"

Immaculate aliishika Biblia kwa mikono miwili. Macho yake yalitafuta benchi la mbele, yakampata Milcah, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hayakukimbia.

"Siyo hizo mbili," alisema. "Kuna maneno ambayo lazima niyaseme vile yalivyosemwa. Nitafutieni mkalimani wa Kibukusu."

Natalie alishika meza. Wanyoike alimgeukia mteja wake, kinywa wazi, akitaka kujua huyu mwanamke ni nani na amebeba nini.

Nicodemus hakuwa akimwangalia wakili wake. Tabasamu lilikuwa bado usoni, lakini jicho lilikuwa limekauka. Aliinama juu ya ukingo wa kizimba, na kwa sauti ya chini, ya upole, kama mtu anayemkumbusha mtoto avae sweta, akamwambia Immaculate sentensi moja. Moja tu. Kwa Kibukusu.

"Mshtakiwa, nyamaza!" Hakimu aligonga meza. "Amesema nini huyo? Nani anajua alichosema?"

Karani alitazama mlango. Mkalimani hakuwa amefika.

Biblia ilimteleza Immaculate mkononi, ikaanguka sakafuni. Alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Hakuinama kuiokota.

Chemutai alimkimbilia Milcah pale benchini, akapiga magoti mbele yake.

"Mama, amemwambia nini?"

Milcah alikuwa ameishika shingo yake mwenyewe kwa mikono miwili.

"Amesema watoto wa Immaculate wako kwake Rongai tangu asubuhi," alinong'ona. "Amesema wamekula vizuri. Wanauliza mama yao atakuja saa ngapi."